Diski Mbili Zilizoitwa Wairimu

Ilianza Alhamisi ya pili ya likizo ya Agosti, saa tatu na dakika ishirini asubuhi. Mama Syombua aliingia studioni akiwa ameshika flashi kwa vidole viwili, kama mtu aliyeshika yai, akasema, "Nimekuja kumchukua baba yangu."

Saa hiyo naijua vizuri kwa sababu nilikuwa naitazama. Mtu mwenye haya hutazama sana saa za ukutani. Mteja akiingia, macho yangu hupanda pale juu kana kwamba mshale wa dakika una jambo la kuniambia.

Wadogo zangu wa Gredi ya Kumi, nyinyi ambao Tata Njeri amekubali mje mkalie kile kiti changu kinachozunguka upande mmoja tu, nawaandikia kama mstaafu. Msicheke. Nina miaka kumi na saba, nimetunza diski za studio kila likizo tangu nikiwa Form One, na sasa mama amesema mtihani wa Form Four hautaki mtu mwenye ajira. Basi nimestaafu. Sherehe yangu ya kuagwa ilikuwa soda moja na Tata akipiga makofi peke yake.

Studio mtaijua tu. Iko katikati ya mji, ghorofa ya tatu, juu ya duka la mapazia, na lifti hufanya kazi ikipenda. Tata Njeri ni dada mkubwa wa baba yangu. Kazi yake ni picha na video: harusi, ruracio (sherehe za mahari), mahafali, ibada za shukrani. Anayemsaidia ni Anko Mutua, ambaye si anko wangu kwa damu. Ni mtu wa Machakos, anabeba kamera, anajua kompyuta, na hawezi kuongea bila kula njugu. Kila nijualo kuhusu diski nililisikia likitoka kinywani mwake pamoja na maganda.

La kwanza alilonifundisha ni kwamba diski zetu zote zimesimbwa, yaani zimefungwa kwa nywila namna ambayo mwizi akizibeba hatapata hata pua ya bibi harusi. Watu wanatuachia nyuso zao, watoto wao, machozi yao. Hatuwezi kuziacha zikizurura. Diski huwa na vyumba ndani yake, tunaviita patisheni. Kwetu kila diski ina chumba kimoja kikubwa, na hicho ndicho kinachofungwa.

Sasa shida ya kitu kilichofungwa vizuri ni kwamba kwa nje kinafanana na kitu kitupu. Hili mliweke kichwani kabla hamjaweka kitu kingine chochote. Ukichomeka diski iliyosimbwa kwenye kompyuta isiyoielewa, itakwambia kwa upole kabisa kwamba hakuna kitu hapa, je, ungependa niisafishe? Na mtu mwenye haraka hujibu ndiyo.

Dawa yake ni jina. Na jina lenyewe ni la aina mbili. Kuna jina la ndani, ambalo unaliandika baada ya kufungua, na kuna jina la nje, linaloandikwa kwenye kichwa cha ule usimbaji wenyewe, ambalo linasomeka hata kama hujui nywila. Mwaka wangu wa kwanza Anko Mutua alikuwa ameandika ya ndani tu. Tukitaka harusi fulani, tunafungua diski moja baada ya nyingine, kila moja na nywila yake ndefu, kama mtu aliyelewa anayebisha kila mlango wa ghorofa akiuliza, "Hapa ni kwangu?" Jina la ndani ni kama kuandika jina la familia kwenye mlango wa chumba cha kulala. La nje ni lile la kwenye geti. Nyinyi anzeni na geti.

Amri yake ni fupi. Kwenye Linux, ukiwa na ruhusa za msimamizi, unaandika:

cryptsetup config /dev/sdb1 --label wairimu

Basi. Haifuti kitu, haiulizi nywila, inaweka jina tu. Lakini kabla ya kubonyeza, andika kwanza lsblk uone ni nini kimekaa wapi. Hiyo sdb si jina, ni kiti. Diski inayoingia mapema inakaa sdb, inayofuata inakaa sdc, na kesho zikiingia kwa mpangilio mwingine zinabadilishana viti. Anko Mutua alikuwa akinigongea meza: "Wewe, utamwita mtu kwa kiti alichokalia? Ukisema 'leta yule wa kiti cha dirisha', na wamebadilishana, utaletewa nani?" Halafu njugu.

Mkikutana na diski ya zamani sana ambayo usimbaji wake ni wa toleo la kwanza, itakataa jina hilo. Msipigane nayo. Ipeni jina patisheni yenyewe kwenye jedwali la diski, mwendelee na maisha.

Nimewapeleka mbali, na Mama Syombua bado amesimama mlangoni. Lakini hamtaelewa kilichotokea kama sijawaambia majina yalitoka wapi.

Tata alipoanza alikuwa na diski tatu. Ya kwanza aliiita MUHIMU. Ya pili MUHIMU SANA. Ya tatu alikaa akafikiri, akaiita MUHIMU KABISA. Ilipokuja ya nne, lugha ikaisha. Ndipo akaamua kuzipa majina ya wanawake wa ukoo wetu, ambao hesabu yao haina mwisho. Kwetu Wagikuyu msichana wa kwanza huchukua jina la mama ya baba yake. Mimi ndiye wa kwanza kwetu, kwa hiyo ni Wairimu, kama Shosho, ambaye yuko hai na hodari kule Kikuyu na bado ananizidi kasi ya kumenya viazi. Ndiyo maana Tata, mwenye mvi zake, huniita Maitu. Maana yake ni mama yangu. Tena mbele ya wateja! "Maitu, mletee mgeni kiti." Mgeni ananitazama, anamtazama Tata, anakwenda kujiletea mwenyewe.

Sasa, ile diski iitwayo Wairimu ilikuwa imezeeka. Ilikuwa inatoa sauti ya mtu anayetafuna mchanga. Tata akanunua mpya, na Anko Mutua akaiandaa, akaisimba, akauliza, "Hii tuiite nani?"

"Wairimu," Tata akasema.

"Wairimu si iko?"

"Na huyu atachukua kazi yake. Kwani mtoto huitwa nani? Si jina la yule anayemrithi?"

"Hata kwetu Ukambani tunaita hivyo. Lakini zikiwa hapa pamoja?"

"Mutua, mama yangu ako hai na huyu Maitu ako hai, na hakuna siku nimewachanganya mezani."

Anko Mutua akaangalia njugu zake, akaandika wairimu. Nywila ikawa ile ile pia. Alipanga Jumatano, siku moja kabla ya ile Alhamisi, ahamishe kila kitu kutoka kwa mzee, yaani diski kuukuu, kwenda kwa mtoto. Lakini Jumatano hiyo hiyo aliitwa ghafla kwenda Kitui kupiga video ya harusi iliyokuwa imekosa mpiga video, akaondoka mbio na begi la kamera. Jioni Tata akajiuliza kama kazi ilifanyika. Akampigia, simu haishiki. Basi akafanya kitu ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya: aliangalia mwenyewe. Diski zote mbili zilikuwa zimechomekwa. Akaandika "fungua wairimu", ile amri fupi ambayo Anko alitutengenezea, inayotafuta diski kwa jina lake la nje. Ikafunguka. Harusi zote ziko. Mahafali yako. Kila kitu kiko.

"Huyu mtu ni mzuri," Tata akasema. "Amemaliza hata bila kujisifu."

Mnaona? Majina mawili yakifanana, kompyuta haikuulizi unamtaka yupi. Inakuletea mmoja. Ilikuwa imemletea mzee, na Tata akadhani anamtazama mtoto. Akachomoa ile diski kuukuu, ambayo moyoni mwake ilikuwa imekwisha kazi, akaipeleka alipokuwa ameiahidi: kwa Mzee Kamau, mwenye jengo letu, ambaye ofisi yake iko Hurlingham na ambaye alikuwa anatafuta diski ya kuwekea picha za kamera zake za ulinzi.

Sasa turudi kwa Mama Syombua.

Miaka miwili kabla ya Alhamisi hiyo, baba yake, Mzee Kilonzo, alikuja studioni akiwa na kofia ambayo alikataa kuivua. Alikuwa mgonjwa na alijua. Mjukuu wake Syombua hakuwa hata na mchumba, lakini mzee alitaka kuibariki ndoa yake mapema, kwa video, kwa sababu, alivyosema, "Mimi na huyo kijana tutapishana njiani." Nilikuwepo, nilishika taa. Alirudia mara kadhaa kwa sababu kofia ilikuwa ikilala upande. Halafu akamwambia Tata, "Hii usiwape mpaka siku yake. Nawajua hawa. Wataiangalia mpaka iishe."

Tata aliweka ahadi. Hakuna nakala iliyotoka. Mzee Kilonzo alizikwa mwaka uliofuata. Na sasa Syombua alikuwa anaolewa Jumamosi.

"Mama Syombua, karibu, keti, leo tunakupa baba yako," Tata akasema. Akachomeka diski, akaandika fungua wairimu, akaweka nywila. Ikafunguka.

Ndani kulikuwa na folda moja peke yake. Imeandikwa lost+found.

Tata akakaza macho. Akafunga, akafungua tena. "Maitu, hebu kuja. Hii ni nini? Imelost ama imefound?"

Nikatazama. Hiyo folda hujitokeza yenyewe kwenye chumba kipya ambacho hakijawahi kuwekwa kitu. Nikamwambia polepole, kwa Kikuyu, ili mgeni asielewe, kwamba huyu ni mtoto. Na mtoto ni mtupu.

Tata ni mtu wa sauti. Siku hiyo sauti iliisha. Aliniangalia, akaangalia mahali pale mezani ambapo diski mzee ilikuwa ikikaa, na midomo ikasema "Hurlingham" bila kutoa sauti.

"Kuna shida?" Mama Syombua akauliza.

"Hakuna shida mama," Tata akasema. "Chai na mandazi zinakuja."

Simu ya Mzee Kamau iliita mpaka ikachoka. Tata hangeweza kumwacha mgeni, na zaidi, angemwachia nani, mimi? Mimi ambaye mteja akiniambia "mambo" namjibu "asante"? Akaniangalia tena. Nikaelewa. Nikabeba laptopu ya studio, kile kikalio cha plastiki ambamo diski husimama kama mkate kwenye tosta, na waya zake. Mlangoni Tata akaninong'oneza, "Maitu, ile mashine ya kamera ikishaingizwa diski, kitu ya kwanza inafanya ni kuisafisha. Ongea. Aki leo ongea."

Katika shajara yangu, safari yote ya kwenda Hurlingham nimeiandika kwa sentensi moja: nilikuwa nafanya mazoezi ya kusema "shikamoo" na nilikuwa naikosea.

Ofisi ya Mzee Kamau iko juu ya duka la dawa kwenye barabara ya Argwings Kodhek. Nilimkuta amekaa na kikombe, na mbele yake fundi wa kamera, kijana mwenye bisibisi sikioni. Mashine ya kamera ilikuwa mezani, kifuniko kiko wazi, na kando yake diski mbili, zote za chuma, zote za saizi moja, zote hazina karatasi ya jina.

"Niaje siz," fundi akasema.

"Asante," nikasema.

Mzee Kamau akanitazama. "Wewe ni mtoto wa nani?"

"Wa... Tata Njeri. Wa kaka yake. Amesema ile diski, msii... ile diski si tupu."

"Ni tupu. Huyu kijana ameiweka kwa kompyuta yake. Ikasema hakuna kitu, tusafishe? Mimi nikamwambia ngoja kwanza."

Nikauliza kwa nini walingoja. Sijui sauti hiyo ilitoka wapi, nadhani ilikuwa ya Shosho.

"Majina!" fundi akasema, akicheka kwa uchovu. "Mimi huandika majina ya kamera kwanza, halafu nasafisha diski, ndiyo mpangilio yangu. Na huyu mzee tangu asubuhi hajaamua kamera ya geti inaitwa nani."

"Si kuamua tu hivi hivi," Mzee Kamau akasema. "Nikiita 'Geti', na nikijenga geti ingine? Kitu inaitwa jina inafaa kukaa nayo." Akanigeukia. "Sivyo?"

Nikamwambia ndivyo. Nilitaka kumkumbatia.

"Sasa, ya Tata Njeri ni gani?" nikauliza.

Wote wawili wakatazama meza. Fundi akashika moja, akaiacha, akashika nyingine. Moja ilikuwa yake mwenyewe, ya akiba, aliyokuja nayo ikiwa ya Tata itakataa. Na karatasi? Tata alikuwa amebandika karatasi, imeandikwa WAIRIMU kwa kalamu nyekundu.

Mzee Kamau akakohoa. "Karatasi niliitoa. Nilikwangua na wembe."

"Kwa nini, Mzee?"

"Mama watoto akija hapa apate kitu imeandikwa Wairimu kwa meza yangu, nitamwambia ni diski? Yeye anaitwa Nduta!"

Fundi aliinama chini akijifanya anatafuta skrubu. Mabega yake yalikuwa yakitetemeka.

Nilitamani kucheka. Nikaomba soketi. Fundi akanisogezea waya, akaniambia, "Polepole siz, hatujagusa kitu. Jaribu zote, sina neno." Nikasimamisha diski ya kwanza kwenye kikalio. Nywila sikuwa nayo, Tata na Anko ndio wanaoijua, kwa hiyo kufungua nisingeweza. Nilichoweza ni kuuliza jina la geti tu. Nikaandika:

lsblk -o NAME,SIZE,FSTYPE,LABEL

Ya kwanza ilijibu na saizi, basi. Haikuwa na jina wala usimbaji. Nikaitoa. Nikaweka ya pili. Ikaanza kutafuna mchanga wake, na wallahi sijawahi kusikia sauti nzuri kama ile mbovu. Nikaandika tena. Mstari ukatokea:

crypto_LUKS   wairimu

Wembe ulikuwa umetoa karatasi. Jina lilikuwa limebaki mahali ambapo wembe haufiki.

"Ndiyo hii," nikasema.

Mzee Kamau akavaa miwani, akasoma kwa sauti: "Wa-i-ri-mu. Sasa Wairimu mwenyewe ni nani?"

"Ni mimi," nikasema. "Ni Shosho. Ni diski. Sisi sote."

"Eh!" akasema, akavua miwani. "Na mimi utanipa nini?"

Nikamwahidi kwamba Tata atamletea nyingine, tupu ya kweli. Sikuwa na ruhusa ya kuahidi chochote. Niliahidi tu.

Studioni nilimkuta Mama Syombua anamaliza mandazi na Tata anamweleza habari za ukoo wetu wote ili muda uende. Tata alipoiona diski mkononi mwangu alisimama kwa ghafla hata kiti kikaanguka. Tukaichomeka peke yake, mtoto tukiwa tumemtoa kabisa. Fungua wairimu. Nywila. Na pale, kati ya harusi na mahafali, folda ya Kilonzo.

Tata akabonyeza. Picha ikaja. Mzee Kilonzo amekaa, kofia imelala upande, anaisimamisha. Anatazama kamera moja kwa moja na kusema, "Wewe kijana utakayekuja. Mimi sikujui. Lakini najua umechelewa."

Mama Syombua akacheka kwa sauti, halafu akaziba mdomo, halafu akanyoosha mkono kuelekea kioo. "Zima," akasema. "Zima, zima. Ni ya Jumamosi."

Tukazima. Tukaihamishia kwenye flashi bila kuiangalia. Alipokuwa anaondoka alinishika shavu, akaniuliza kwa nini Tata yangu huniita Maitu, nikamwambia. Akasema, "Basi shikamoo, Maitu." Nikajibu "marahaba". Ilitoka yenyewe, tena bila kukosea.

Anko Mutua alishika simu mchana. Tata alimweleza yote, pamoja na mahali pale ambapo makosa yalikuwa yake, na akayasema kwa sauti yake ya kawaida, ile inayofika duka la mapazia. Upande wa pili tukasikia ganda la njugu likipasuka.

"Njeri," Anko akasema, "nyumbani kwenu, Shosho na Wairimu wakiwa kwa meza moja, na mtu aite 'Wairimu', inakuwaje?"

"Tunasema mkubwa ama mdogo," Tata akajibu. Halafu akasema, "Ah."

Hapo ndipo tulipopata ule utaratibu mtakaoukuta, na sitaki muubadilishe kwa sababu mtakuwa mmeona kitu kizuri mtandaoni. Kila diski ina jina la ukoo na neno lingine nyuma yake. Kabla ya kuipa diski jina, chomekeni zote na mwangalie kama kuna mwenye jina hilo tayari. Karatasi bandikeni, lakini karatasi ni ya macho ya watu, na watu wana nyembe. Kabla ya kutoa diski nje ya mlango, ifungueni ikiwa peke yake, msome kilichomo, muifunge. Na mkiulizwa jambo na mteja, msitazame saa. Haina jibu. Nimeitazama miaka yote hiyo, naijua.

Wanaoniuliza kama nilibadilika na kuwa mtu wa maneno mengi, hapana. Bado nikikutana na mwalimu njiani mtaani kwetu Mountain View napita nyuma ya kioski. Lakini kuna kazi zinazokuomba sauti kidogo tu, na mtu akishajua jina la kitu anachokitafuta, hiyo sauti kidogo hupatikana.

Kesho yake, Ijumaa asubuhi, nilifika kabla ya Tata. Usiku kucha mzee alikuwa amemmiminia mtoto kila alichokuwa nacho, na kazi ilikuwa imekamilika. Nikaziangalia kwa lsblk, nikahakikisha nani amekaa kiti gani kwa kutazama namba ya kiwandani ya kila moja, nikaandika majina mapya: wairimu-mkubwa, wairimu-mdogo. Nikazichomoa zote, nikazirudisha kwa mpangilio wa kinyume. Viti vilibadilika. Majina hayakubadilika.

Halafu, kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi, nikashika simu ya mezani bila kuambiwa, nikampigia Mzee Kamau kumwambia kwamba diski yake tupu, mpya aliyomnunulia Tata, iko tayari, aje aichukue.

"Halo? Nani?"

"Ni Wairimu."

Nyuma yake nilisikia sauti ya mwanamke ikiuliza ni nani huyo asubuhi yote hii. Mzee Kamau akashusha sauti.

"Wairimu yupi?"

"Mdogo," nikasema. "Yule mkubwa hatoki tena."